Oveni ya mkaa ya fundi bati wa Uyole, baada ya kuokea mkate wa soda miezi minne

Tangu niweke picha ya mkate kwenye stetasi watu wanauliza ile oveni nimetoa wapi, bei gani, inafaa au haifai, kwaiyo leo nimekaa niandike yote mara moja, mazuri na mabaya, mana mi nilivokuwa naitafuta kila niliyemuuliza ananijibu "nzuri tu mama, chukua", hakuna aliyenambia nzuri kwa kuokea nini na moto wake unakaaje.

Niliinunua mwezi wa tano kwa fundi wa mabati huku Uyole, Mbeya. Alianza na laki na ishirini tukashushana mpaka elfu tisini na tano, akaniahidi Jumamosi nikaipata Jumatano ya wiki iliyofuata. Ni kasha la bati linalonifika juu kidogo ya goti, chini lina droo ya makaa, katikati rafu mbili za waya, juu sinia lenye kingo la kuweka makaa mengine, mlango mmoja na komeo la nondo. Haina kioo, haina kipimo cha joto. Moto juu moto chini basi.

Kilichonisukuma ni baridi. Mbeya tupo juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na huku Uyole tunazidi kidogo, mwezi wa sita na wa saba maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Sa jaribu kuumua mkate wa hamira kwenye hali hiyo. Unakanda saa moja asubuhi, unafunika na blanketi, unausogeza karibu na jiko, saa nne unaenda kuchungulia unaukuta uko vilevile kama ulivouacha, watoto wameshakunywa chai na viazi vya jana. Nimeishi hivo miaka na nilishazoea kwamba mkate kwetu ni kitu cha kununua.

Ila miaka ya nyuma nilifanya kazi nyumbani kwa mama mmoja wa Ayalandi aliyekuwa anafundisha huku, na yeye ndo alinionyesha mkate ambao hauna hamira kabisa. Kwao wanauita mkate wa soda, ndo mkate wa nyumbani wa kila siku. Alinieleza kwamba ngano ya kule inalimwa kwenye mvua na ubaridi, inatoa unga laini usiovutika na hamira haifanyi vizuri kwenye unga wa hivo, sasa bekingi soda ilivoanza kupatikana kwao miaka ya 1830 na kuendelea watu wakaipokea haraka, mana maziwa machachu yanayobaki ukishatoa siagi kila mwenye ng'ombe alikuwa nayo. Na nyumba nyingi hazikuwa na oveni. Walikuwa wanaokea kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko bapa, kinaitwa bastible, kinaning'inizwa juu ya moto afu juu ya mfuniko wanapalia makaa. Hayo makaa yenyewe siyo ya miti kama yetu, ni udongo wa mabondeni uliojaa mimea iliyooza miaka na miaka, wanaukata kama matofali, wanaukausha, wanachoma. Siku aliponisimulia nilimwambia mama, mbona ndo hivihivi tunavopalia keki kwenye sufuria huku kwetu! Akasema basi hapo huna cha kufundishwa, kazi imebaki kuchanganya tu.

Kwaiyo nilivoiona hii oveni kwa fundi, makaa juu makaa chini, nilijua kabisa nitaipima kwa mkate gani.

Niandike kwanza mkate wenyewe mana bila hivo hamtaelewa oveni imenisumbua wapi. Unga wa ngano gramu 450, ule wa kawaida wa nyumbani, kwa vikombe vyangu ni vitatu na nusu hivi. Chumvi kijiko kimoja cha chai. Bekingi soda, vipimo vyao ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa na kisu, mi kwa huku juu napunguza kidogo naweka kama robo tatu ya kijiko, sababu ukiwa sehemu ya mwinuko hewa inatanuka zaidi ndani ya unga na mkate unaweza kuumuka haraka afu ukazama katikati. Na soda lazima uichunge na unga, isiwe na donge hata moja, donge moja tu likibaki utalikuta kwenye mkate lina rangi ya njano ya kukoza na ladha ya sabuni. Tafadhali msiweke magadi yale ya maharage. Magadi na bekingi soda ni ndugu lakini siyo kitu kimoja, magadi ni makali zaidi na yanaacha uchungu, kuna jirani yangu aliyaweka akanilalamikia mimi.

Maji yake ni mtindi, mililita 350 mpaka 400, ule usio na sukari. Huku Uyole kwa bahati hatuna shida ya maziwa, nachukua kwa jirani mwenye ng'ombe wawili, ukiwa mzito sana nauongezea maji kidogo mpaka uwe wa kumiminika. Ukikosa mtindi chukua maziwa ya kawaida, kila kikombe kamulia kijiko kimoja kikubwa cha limao, acha dakika kumi yakatike. Kinachotakiwa ni ule uchachu, mana uchachu ukikutana na soda unatoa hewa palepale, utaona kabisa unga unaanza kutoboka mikononi.

Mi nautaka wa chumvi siyo wa sukari, kwaiyo kwenye unga mkavu natia fungu moja la vitunguu majani nimekatakata pamoja na majani yake, pilipili manga ya kusaga, na nikiwa na hela nakwangua jibini ya Njombe kama gramu 100. Wale wa zabibu kavu na sukari mtajaribu wenyewe, nasikia Marekani ndo wanaupenda hivo, sijauzoea.

Afu unachanganya kwa mkono uliopanua vidole kama jembe la uma, unazungusha mara chache, unga ukishashikana tu ACHA. Usikande kama chapati. Ukikanda unakuwa mgumu, hamna kitu kingine kinachoharibu huu mkate kama mkono uliozoea chapati. Unauviringisha juu ya unga mkavu, unaubonyeza uwe bapa unene wa vidole vitatu, unachukua kisu unakata msalaba wa kuzama kabisa mpaka karibu na chini. Wazee wa Ayalandi husema msalaba ule unawafungulia vijini njia watoke kwenye mkate, yule mama alikuwa ananisimulia hivo kila siku anapokata, ila kazi yake jikoni ni kwamba katikati ndo pazito na pale panapokatwa moto unaingia.

Sasa hapa ndo oveni inapoingia. Hewa ya soda haisubiri mtu, ukishamimina mtindi una dakika chache mkate uwe ndani ya moto, na unatakiwa uwe moto mkali, kwenye oveni ya umeme unaanza na nyuzi 230 kama robo saa afu unashusha 200 nusu saa nyingine. Oveni ya bati haina swichi ya kuzungusha. Lazima iwe imeshashika moto KABLA hujagusa mtindi, na hili nimelipata kwa hasara.

Mkate wa kwanza nilijaza makaa chini, juu nikaweka machache kama ya kupashia. Dakika ishirini nasikia harufu, natoa, chini umekuwa mweusi kama kisahani cha jiko na juu ni mweupe kabisa, unga bado unaonekana. Niliukata nikala katikati ya katikati, ladha ilikuwepo. Wa pili nikahamisha makaa mengi juu, chini machache, ukapendeza rangi lakini ndani ukabaki mbichi, kisu kinatoka na utelezi, na sababu ilikuwa mlango. Mlango wa hii oveni haukuwa unakaza. Ukiweka kiganja pembeni ya komeo unasikia joto linapuliza nje kama pumzi, sa unaoka mkate au unaoka jikoni kwako? Niliirudisha kwa fundi siku hiyohiyo na hasira, na nikiri alinisikiliza, akachomelea ukingo wa bati kuzunguka mlango wote na akabadilisha komeo liwe la kubana, hakuniongezea hata mia. Hilo nampa sifa zake. Ila angelifanya toka mwanzo nisingepoteza mkate.

La pili ni bati la chini, jembamba mno. Makaa ya droo yanapiga moto moja kwa moja kwenye trei. Nilichofanya nimechukua vipande viwili vya tofali la kuchoma nikavipanga kwenye rafu ya chini, trei inakaa rafu ya juu. Tofali linakunywa moto, linausambaza, na hata makaa yakianza kupoa lenyewe bado lina joto. Toka nimeweka tofali sijaunguza mkate tena, hata mmoja. Kama una oveni ya hivi na umeikatia tamaa anza na tofali kabla hujaiuza.

Baadaye kaka yangu alinitumia kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni kutoka Dar, na ndo nikaelewa mambo. Kabla ya ukingo wa mlango ilikuwa inafika 210 inashuka mpaka 150 ndani ya nusu saa. Sasa hivi, mlango umekaza na tofali zipo ndani, nikiwasha vizuri nusu saa inafika 230, mkate ukiingia inashuka kidogo, na dakika arobaini baadaye bado inasoma 180 na kitu. Kwa bati la ukuta mmoja hiyo ni kazi kubwa. Ambaye hana kipimajoto anyunyize unga kidogo kwenye trei tupu aingize, ukigeuka rangi ya chai ya maziwa ndani ya dakika mbili tatu moto umefika, ukiwa mweusi toa makaa, ukibaki mweupe ongeza.

Mpango wangu wa makaa saivi ni theluthi moja chini na theluthi mbili juu, yakiwa yameshawaka yote mekundu, siyo yale yenye moshi. Mkaa wa milingoti, yaani mikaratusi, unaisha haraka, ule wa miti migumu ndo unakaa mpaka mwisho wa mkate. Natumia sado moja ya mkaa, lile kopo la kupimia, na hapo naoka mikate miwili ikifuatana, wa pili unaiva vizuri kuliko wa kwanza mana tofali limeshashiba moto. Kuoka mkate mmoja tu kwa oveni hii ni kuchoma hela, nasema wazi. Ukimaliza mkate tia viazi vitamu, moto wa mwisho unavifaa sana.

Dakika arobaini na tano mpaka hamsini natoa. Unaugeuza, unaugonga chini kwa kidole kama unabisha hodi, ukilia mtupu kama debe umeiva, ukilia mzito rudisha dakika tano ukiwa umelala kichwa chini. Afu usiuache wazi, uviringe kwenye kitambaa safi cha jikoni hapohapo ukiwa wa moto, mvuke unalainisha ganda. Nilikuwa siviringi mwanzoni, ganda linakuwa gumu watoto wanaacha kingo.

Sijui nielezeje ule mkate ukikatwa. Zile pembe nne za msalaba zimefunguka, ganda limepasuka rangi ya kahawia, ndani ni mzito kidogo siyo wa kuvimba kama wa dukani, jibini imeganda pembeni imekuwa kama ukoko wa wali, na vitunguu majani vinanukia mpaka barabarani. Tunaula na parachichi la Rungwe limepondwa na chumvi na ndimu, au na maharage yenye mchuzi mzito, jioni na supu ya kuku wa kienyeji ndo usiseme. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu mwezi wa saba, yeye mkate wowote anasema ni chakula cha wagonjwa. Nikamkatia kipande cha moto na chai, akala kimya, akasogeza sahani akanambia "ongeza mwanangu, ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Asubuhi alipoondoka alibeba mzima kwenye kanga.

Kesho yake unakuwa mkavu, huu siyo mkate wa kukaa siku tatu. Ukibaki ukate vipande upashe kwenye kikaango bila mafuta.

Nimejaribu na unga wa ngano isiyokobolewa, ngano ya Makete niliyosagisha mashineni, nikachanganya nusu kwa nusu na unga mweupe. Unataka mtindi zaidi kidogo na dakika tano za ziada, na kwa kweli huo ndo naupenda kuliko wote, una utamu wake wa ngano na unashibisha, ukila kipande saa moja hutafuti kitu mpaka mchana. Yule mama alikuwa akiupata huo anaacha kazi anakaa chini.

Mambo mengine ya oveni kwa kifupi. Kuku anachomeka vizuri sana. Skonzi sawa. Keki hapana, kwangu mimi hapana, keki inataka joto tulivu la muda mrefu na hii joto lake linashuka tu, ukifungua mlango kuongeza makaa keki imeshakaa chini, nimejaribu mara tatu nikarudi kwenye sufuria. Anayetaka oveni ya biashara ya keki asinunue hii ya ukuta mmoja, amwambie fundi amtengenezee ya kuta mbili, inazidi bei lakini ndo inayotunza joto. Rafu ya juu imeshaanza kupinda katikati kwa uzito wa trei, waya ni mwembamba. Na rangi ya fedha aliyopaka nje imebabuka wiki ya kwanza na kutoa harufu mbaya, kwaiyo mkiipata iwasheni tupu nje ya nyumba mara mbili kabla ya kuweka chakula.

Na kuna hili nawaomba sana, sana. Baridi la huku linamfanya mtu akimaliza kuoka atamani kuvuta oveni ndani awapashie watoto chumba. Msifanye. Makaa hata yakionekana hayana moshi yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi, mtu anasinzia tu haamki. Mi yangu inakaa kwenye kibanda cha nje chenye upande mmoja wazi na inalala hukohuko mpaka asubuhi.

Wenye gesi wananiuliza kama mkate huu unawezekana kwenye sufuria. Unawezekana. Sufuria nzito, chini mchanga mkavu, juu yake kisahani cha kuinua, funika, pasha robo saa ndo uingize mkate. Unaiva kabisa ila juu haupati rangi, unabaki mweupe, itabidi uugeuze dakika kumi za mwisho. Dada yangu wa Iringa pale Kihesa anafanya hivo kila Jumapili kwa sababu mkaa kwake ni ghali, na serikali yenyewe inahimiza tuhamie nishati safi, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, kwaiyo siwezi kumwambia mtu mwenye mtungi wake aende kununua bati kwa ajili ya rangi ya ganda. Mi sina gesi ya kutosha na nina kibanda cha nje, kwangu imenifaa na ningeinunua tena, kwa elfu tisini na tano, siyo kwa laki na ishirini.

Anayekwenda kwa fundi yeyote wa mabati kuagiza ya kwake abebe trei yake mkononi akapimiwe palepale, mi trei yangu kubwa haikuingia ikabidi ninunue nyingine. Aombe bati nene upande wa chini na ukingo kwenye mlango. Na kabla hajalipa hela ya mwisho afunge ule mlango, awashe karatasi ndani, atazame moshi unatokea wapi.